Mwaka Niliomkanda Kobe

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni napepeta mchele, mlango ukagongwa, na kabla sijainuka mjukuu wangu Salma akawa kashafungua. Nikasikia mtu anauliza, "Zuhura iko?" Ungo nikauacha palepale. Sauti ile sikuwa nimeisikia mlangoni kwetu tangu mwaka jana, tangu Bibi Pritam aanze kukaa kiti cha magurudumu, maana siku hizi mie ndo ninayekwenda kwake, nyumba ya pili tu, ukuta wetu mmoja. Alikuwa yeye kwenye kiti chake, miaka tisini na moja, koti la kijivu, ushungi mweupe wa mjane, na nyuma yake mwanawe mkubwa kabeba kapu la kufulia nguo huku jasho linamtoka. Ndani ya kapu kobe wake, Voi. Kapu likawekwa sakafuni, kobe akatoa kichwa, hakunitazama mie wala Salma, akageuza shingo taratibu kuelekea mlango wa bafu. Wallahi alikumbuka. Miaka kumi na mitatu hajaingia nyumbani kwetu, na bafu analijua.

Bibi Pritam akasema, kwa Kiswahili chake kile cha Wahindi wa Kenya wa zamani, "Mimi iko kwenda Leicester kukaa kwa mtoto. Sasa kweli. Voi hapana kwenda, kule ghorofa ya tatu. Voi iko kukaa na wewe." Halafu akanyoosha kidole kimoja, kimepinda kwa uzee lakini bado kidole cha amri. "Lakini hapana moshi." Tukacheka sisi wawili mpaka yule mwanawe akaona bora akasubiri kwenye gari. Salma naye akauliza kwa Kiingereza chake mnacheka nini, mtoto huyu kila nisemalo analielewa ila jibu lake halitoki kwa Kiswahili hata umpe pipi. Nikamwambia kaa hapa. Habari hii na wewe umo, ila wewe kazi yako ilikuwa kulia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Mtasema huo si ujana. Mie nasema ndo ujana wenyewe, maana nilikuja hapa Birmingham sijui kuwasha jiko, sijui kuvuka barabara, siwezi kusoma hata jina la basi, nikawa kama mwali aliyeletwa ugenini. Shule niliacha darasa la pili. Lakini kuna kitu kimoja nilikuwa nakijua kuliko watu wote, nacho ni kumlea mzazi. Kwetu Tanga, mwanamke akijifungua, niliitwa mie. Siku arobaini namkanda maji ya moto, namfunga tumbo kwa kanga, nampaka mafuta ya nazi, namfukiza ubani chini ya kiti apate kukauka na baridi imtoke mifupani, nampikia uji wa pilipili manga mpaka jasho limtiririke. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wamepita mikononi mwangu, na wote wakiinuka siku ya arobaini wanatembea wamenyooka kama wasichana. Basi binti yangu Rehema aliposema ana mimba, nilijaza sanduku. Pilipili manga, ubani, chetezo kimefungwa ndani ya gauni, chupa tatu za mafuta ya nazi, kanga sita. Pale uwanja wa ndege kijana wa forodha alinusa ile mizigo, akanitazama, akanusa tena, akaniambia pita.

Salma akazaliwa Novemba, siku ya mvua. Nikachemsha maji. Rehema alikuwa kakaa kwenye kochi na ile bahasha ya vikaratasi alivyopewa hospitali, akaniangalia naingia na ndoo, akasema, "Mama, huku hatufanyi hivyo." Alisema kwa upole, si kwa jeuri. Kikaratasi kinasema kidonda cha kushonwa kisipate joto. Kikaratasi kinasema tumbo lisifungwe. Nikasema basi angalau ubani, nikawasha makaa kidogo jikoni, na yale madude yaliyo darini ya kunusa moto yakaanza kupiga kelele nyumba nzima, mtoto analia, mkwe wangu Hamadi kapanda juu ya kiti anapunga taulo. Ikawa mwisho wa ubani. Uji alikunywa vijiko viwili akasema unamchoma. Siku ya sita alivaa koti akaenda dukani Soho Road na mtoto kifuani, mzazi wa siku sita, na upepo ule. Mie nikabaki dirishani na kanga zangu sita.

Na nilimwona. Mama humwona mwanawe. Alikuwa anaosha chupa za mtoto na machozi yanadondokea mle mle kwenye povu, ukimuuliza anasema nimechoka tu mama. Asubuhi hainuki. Mtoto akilia Hamadi ndo anakwenda. Kazi yake Rehema ilikuwa Hockley, kwenye karakana ya sonara, anang'arisha pete, na kabla ya kujifungua ile kazi alikuwa anaisema usiku na mchana, sasa mtu akimtajia ananyamaza. Siku moja nashuka ngazi kwa soksi, nikamsikia anamwambia mumewe jikoni, "Mama amekuja kunifanya mgonjwa. Kila akinitazama ananitazama kama mgonjwa." Hamadi akasema, "Si anakupenda." Rehema akasema, "Najua anavyonipenda. Ndo kunakonichosha." Nikarudi juu nyuma nyuma, nikakaa kitandani katika kile chumba changu kidogo chenye dirisha la kutazama nyua za watu, nikaanza kuhesabu siku za kurudi Tanga.

Sasa ule ua wa pili ndo ulikuwa wa Bibi Pritam. Mara ya kwanza namwona nilikuwa naanika nepi, yeye upande wa pili wa uzio, akanitupia neno, "Hiyo hapana kauka leo." Nikashika kamba nisianguke. Kalasinga, bibi mzima, kanisemesha Kiswahili hapa Handsworth, Birmingham. Kumbe kazaliwa Nairobi, mumewe alikuwa fundi wa reli, wamekuja huku watoto wadogo. Toka siku hiyo tukawa watu wa uzioni. Yeye ananipa mkate wa unga wa mahindi na mboga ya majani aliyoiponda mpaka imekuwa kama pojo, mie nampa vitumbua. Mumewe, Sardarji, alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na kitu alichokipenda kuliko wanawe, ni maneno ya bibi mwenyewe hayo, alikuwa huyu kobe. Alimwokota kando ya reli kule Voi akiwa mdogo kama kisosi, akamleta Uingereza ndani ya bati la biskuti. Mkinishtaki shauri yenu, mwenye kosa kashakufa. Sasa yule kisosi amekuwa sufuria la pilau, mzito, madoa ya manjano na meusi mgongoni, anaishi kwenye banda la mbao mwisho wa ua, ukutani mazulia, ndani hita na taa ya joto, na karatasi ya maelezo aliyoandika Sardarji kwa herufi za kwao. Wako kobe wa Ulaya ambao baridi ikija wanalala miezi hadi iishe. Huyu si wao. Huyu mtu wa kwetu, hajui habari ya kulala na baridi. Ukimwacha apoe, anakufa.

Mwanzo wa Desemba Bibi Pritam akateleza kwenye majani mabichi, nyonga ikavunjika. Wakamtengeneza hospitali, halafu wanawe wakasema atakwenda kwa mkubwa Leicester mpaka apate nguvu. Nilikwenda kumuaga, nikawakuta wanawe wamesimama dirishani wanasemezana, na yeye kitandani akanivuta mkono nimuinamie. Akaniambia wanawe wanataka nyumba iuzwe. Yeye kila wakimwambia anawajibu hawezi kuuza, Voi atakaa wapi, banda lile Sardarji alijenga kwa mkono wake. "Voi kufa, mimi hapana neno ya kuwajibu tena," akasema. "Wewe tazama yeye mpaka mimi rudi." Nikasema nitamtazama. Nikasema kwa kujiamini, maana nilijiona nimepata mtu wa kumlea asiye na vikaratasi.

Mwezi mzima nilikwenda bandani asubuhi na jioni. Taa nawasha, nyasi kavu natandika, maji nabadilisha, naongea naye habari za Tanga. Halafu Januari ikaingia baridi ile ya kukausha mate. Asubuhi moja nikafungua banda, hewa ikanipiga usoni ni ileile ya nje. Hita imekufa, sijui tangu saa ngapi. Voi kajikunja pembeni, macho kafumba, mguu nikaushika ni jiwe. Nilimbeba, sijui nilimbebaje, mwanamke mie mfupi, nikapita naye kwenye upenyo wa uzio, nikamwingiza bafuni kwetu, maana bafu la nyumba zile liko chini nyuma ya jiko. Nikafungulia maji kwenye beseni la mtoto. Nikaingiza kiwiko, ndo kipimo changu, kiganja kinadanganya lakini kiwiko hakidanganyi. Vuguvugu tu. Nikamweka, maji yakamfika chini ya kidevu, nikakaa kwenye mkeka wa bafu nikawa namwagia kwa kopo mgongoni, polepole, naongeza ya moto kidogo, kidogo. Saa nzima. Akafungua jicho moja. Jamani, nililia. Rehema akaja na mtoto begani, akasimama mlangoni, akatazama beseni la mwanawe, kisha akamtazama kobe.

Hapo ndo ningeacha. Maji yale yalikuwa sawa, nyinyi mtasikia hata daktari alisema hivyo. Lakini mie mkono ukanogewa. Nikasema huyu kapigwa na baridi kama mzazi, na dawa ya mzazi naijua. Nikamkausha, nikampaka mafuta ya nazi gamba zima hadi likang'aa kama meza ya harusi. Nikampa ndizi mbivu, mzazi hanyimwi kitu kitamu. Na bafuni, nikatazama darini, lile dude la kupiga kelele halipo. Basi nikafunga mlango, nikaziba chini kwa taulo, nikawasha chetezo. Siku nne mfululizo, asubuhi maji, mafuta, halafu ubani. Mwenyewe nimekaa mle ndani kwenye moshi, macho yananichuruzika, naona raha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke kwenye ndege. Bafu linanukia kwetu. Nilikuwa namwambia Voi, wewe siku ya arobaini utatembea umenyooka.

Siku ya tano nikasikia mluzi. Nikadhani bomba. Nikafunga bomba, mluzi bado. Ilikuwa pua ya Voi, kila akivuta pumzi, fyuu, na puani tone linapanda na kushuka kama mtoto mwenye mafua. Ndizi haigusi. Shingo kainyoosha juu, mdomo wazi. Nilijua. Mtu akikosea hujua saa ileile, ila kinywa ndo kinachelewa. Nikaficha chetezo nyuma ya ndoo. Rehema akaingia, akanusa, akapiga magoti kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akaweka sikio karibu na ile pua. Nilingoja anikaripie. Akaniuliza tu, "Mama, ulimfukiza siku ngapi?" Nikasema nne. Akasema, "Vaa koti." Na yeye huyo, asiyeinuka kitandani, akatafuta funguo za gari, akamfunga mtoto, akamfunga kobe kwa mkanda kwenye kiti cha pili, tukaondoka.

Daktari wa wanyama alikuwa msichana mdogo mwenye nywele fupi na uso wa kutotaka mzaha. Alimpindua Voi, akamsikiliza, akapitisha kidole kwenye gamba akakitazama kile kidole. Rehema ndo alikuwa ananitafsiria. Mapafu yameingia ugonjwa. Moshi asiuone tena maisha yake. Mafuta yafutwe. Matunda hapana, huyu ni mla nyasi. Akae kwenye joto usiku na mchana na taa yake, apigwe sindano kila siku ya tatu, nyumbani, na mpaka hapo hakuna ahadi. Mie kila neno napungua, nimebaki kama punje kwenye kile kiti. Halafu akauliza swali, na Rehema akageuka akanitazama kabla ya kulitafsiri. "Anauliza aliyemwogesha maji ya vuguvugu ni nani. Anasema hayo maji ndo yamemfanya awe hai mpaka leo. Anasema uendelee, kila siku." Nikakaa sawa kidogo. Nusu ya elimu yangu imetupwa, nusu imebaki, na ile iliyobaki ndo ilikuwa nzuri.

Sindano zilikaa kwenye jokofu la barafu pamoja na samaki, zimeshajazwa dawa. Nani atazipiga? Hamadi akiona sindano anakwenda kukaa kwenye gari. Mie mkono wangu ni wa kukanda, si wa kutoboa. Rehema akasema, "Lete." Akaishika ile sindano ikayeyuka kiganjani mwake, akakaa sakafuni kwenye mwanga wa dirisha, akamngoja Voi atoe mguu wa mbele, hakumharakisha, na akaingiza. Ni mkono wa kushika pete ndogo siku nzima isipate mkwaruzo, mkono ule nilikuwa nimeusahau, na nafikiri na yeye alikuwa ameusahau. Kila siku ya tatu saa mbili asubuhi alishuka ngazi mwenyewe, uso kaosha. Mara akawa anashuka hata siku zisizo za sindano. Bafu likawa ndo sebule yetu. Hita mpya ya Voi, taa ya Voi, mtoto kwenye kikapu chake, mie na Rehema sakafuni na chai, Hamadi akitaka kuoga anapiga hodi kama mgeni. Kila wiki tulimpima kwenye mzani wa kusimama, mie nimembeba, halafu mie peke yangu, na kwa sababu namba zinanisumbua nilitia alama za wanja kwenye kioo cha mzani pale mkono unaposimama. Rehema alicheka. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu Tanga.

Lakini Voi hali. Siku ya tisa sasa. Na Bibi Pritam alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, na ile iliyopita nimeshamdanganya. "Voi iko kula?" Anakula, nasema, vizuri sana. Ijumaa hii nikaona siwezi. Nikamwambia, "Bibi, hajala siku tisa. Ni mgonjwa. Nilimfukiza ubani." Nasikia televisheni ya Leicester. Halafu akasema, polepole, "Wewe fukiza kobe." Nikasema ndiyo. "Kama nyama choma." Nikasema ndiyo bibi. Nikasikia kitu, nikadhani analia, kumbe anacheka kwa kujizuia, nyonga inamuuma. Akaniambia mwaka wa kwanza huku Sardarji alimpa Voi chapati na siagi, tumbo karibu lipasuke, na wakakubaliana wasimwambie mtu. Halafu akashusha sauti. "Usiambie mtoto yangu. Yeye iko na mtu ya kununua nyumba, iko kuja kila siku hapa na karatasi. Mimi nasema ngoja. Zuhura, mimi iko sema ngoja mpaka lini?" Nikasema, "Nipe wiki mbili." Sijui wiki mbili nilizitoa wapi.

Kesho yake nilikuwa nashuka Soho Road kununua vitunguu, nimeinamisha kichwa kwa upepo, na kwa sababu nimekiinamisha nikauona. Chini ya ukuta, pale jua la mchana linapopiga, umejibana ardhini, majani yana meno, kijani cha kung'aa. Mchunga. Si ule wa kwetu hasa, ndugu yake, lakini nilivunja jani likatoa maziwa, nikaonja, uchungu ni uleule. Mboga niliyoikuta kwenye chungu cha mama yangu! Nilipiga magoti na buibui langu palepale njiani, nikang'oa kila shina nililoliona, wazee wa gurdwara, hekalu la Makalasinga, wanapita wananitazama, mmoja akasimama akaniuliza kwa ishara kama nimepoteza pete. Nikamwonyesha majani. Akatikisa kichwa, akaenda zake, baada ya dakika mbili akarudi na mfuko wa plastiki na majani mengine aliyoyachuma nyuma ya ukuta.

Nikaosha, nikagawa mafungu mawili. Moja nikalipika kwa nazi. Moja nikalipeleka bafuni bichi. Rehema alikuwa ndo kamaliza kumwogesha Voi, kamweka chini ya taa. Nikatandaza majani mbele yake. Akayatazama. Tukangoja. Salma kalala, maji yanadondoka bombani, na mie nimeshika mkono wa mwanangu bila kujua nimeushika. Voi akasogeza kichwa, akanusa, akarudi nyuma. Rehema akasema, "Basi mama, tutajaribu kesho," na hapo hapo tukasikia, krup. Jani limekatwa nusu. Krup tena. Anatafuna macho kafumba, majimaji ya kijani yanamtoka pembeni ya mdomo, hana adabu hata kidogo, na sijawahi kumwona mtu akila nikafurahi vile.

Tulikula na sisi mchunga wetu kwa ugali, humo humo bafuni, sahani mapajani. Rehema alimaliza sahani, akalamba kidole. Halafu akasema, macho yako kwa Voi, "Mama. Mgongo unaniuma tangu nizae." Nikasema najua. Akasema, "Kikaratasi kilisema kidonda kisipate joto. Kidonda kimeshapona." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa arobaini yangu si ilishapita?" Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Nikamwambia arobaini inaanza siku unapoingia kwenye maji. Nikainuka kuchemsha. Nilimkanda jioni ile na jioni zote zilizofuata, mgongo, mabega, nyayo, kwa maji na mafuta ya nazi, na alilia mengi ambayo alikuwa hajayasema, mengine tunayajua hadi leo mie na yeye na kobe tu. Ubani sikuwasha. Hakuuhitaji, na sijui kama waliopita mikononi mwangu waliuhitaji kweli ama ni mie nilipenda harufu. Hili nililiwaza sana mwaka ule, na halikuwa jambo jepesi kuliwaza, mtu niliyekuwa najua jambo moja tu. Tiketi yangu ya kurudi ilipofika siku yake, Rehema aliibadilisha bila kuniuliza.

Bibi Pritam, niliyempa habari ya krup Ijumaa iliyofuata, alirudi Aprili, na fimbo, na mwanawe nyuma kakunja uso. Tulikuwa tumemtoa Voi kwenye majani. Alama za wanja kwenye mzani zilikuwa zimepanda mpaka zimepita ile ya kwanza. Bibi alisimama mlango wa nyuma, akaita jina mara moja tu, na yule kobe, ambaye mie nilikuwa nimemwita miezi minne asigeuze hata shingo, akageuka akatembea ua mzima mpaka kwenye kiatu chake. Mwanawe akatazama, akashusha pumzi, akaenda kuingiza masanduku ya mama yake ndani. Nyumba haikuuzwa. Miaka kumi na mitatu amekaa humo na Voi wake, na asubuhi za Januari nilikwenda kumsaidia kuogesha, maji na kiwiko, moshi hapana.

Sasa ameamua mwenyewe. Hakulazimishwa na mtu, ngazi za nyumba yake ndo zimemshinda, na kule ghorofani kuna lifti. Jumapili, nilipomaliza kumsimulia Salma, Voi alikuwa ameshafika mlango wa bafu anagonga kwa gamba, anataka haki yake. Salma akaenda kufungulia maji. Nilimwona anapandisha mkono wa sweta, anaingiza kiwiko, sikumfundisha hilo, labda alilinyonya. Nikaleta na beseni la pili. Nikamvua Bibi Pritam viatu na soksi zake za sufu, akasema hapana, hapana, Zuhura, mtoto iko kungoja, na miguu yake huku inanisogelea yenyewe. Ilikuwa baridi kama ule mguu wa Voi asubuhi ile bandani. Nikaitia majini, nikaanza kumkanda nyayo kwa kidole gumba, vile vile, tangu kisigino kwenda mbele. Akafumba macho. Kobe kwenye beseni lake, yeye kwenye lake, na Salma katikati na kopo. Huko nje gari likapiga honi. Halafu mwanawe akaja hadi mlango wa jikoni, akamwita, na bibi bila kufungua macho akamjibu kwa Kipunjabi maneno mafupi, akanieleza mie kwa Kiswahili nisijione mgeni.

"Nimesema yeye ngoja," akasema. "Maji bado iko moto."